Gogo Likishaanguka: Winchi ya Msumeno na Misitu ya Nzilo

Katika misitu ya miombo inayolizunguka ziwa la Nzilo, kaskazini mwa mji wa Kolwezi jimboni Lualaba, nchini Kongo, kuangusha mti ni kazi ya dakika chache, lakini kulitoa gogo mahali lilipolala na kulifikisha kando ya barabara ni kazi inayoweza kuwachosha vijana wanne kutwa nzima. Msumeno wa mnyororo, yaani mashine ya kukatia miti inayobebwa mikononi na kuendeshwa kwa petroli, umeirahisisha nusu ya kwanza ya kazi hiyo na kuiacha nusu ya pili kama ilivyokuwa enzi za shoka: mabega, miti ya kubingirishia na kamba. Pengo hilo kati ya wepesi wa kukata na ugumu wa kusogeza ndilo linaloeleza kwa nini mbao hupasuliwa palepale penye kisiki na kwa nini matanuri ya mkaa hujengwa kwa kuyafuata magogo, na ndilo lililozaa kifaa kinachojadiliwa hapa, winchi ndogo, yaani mashine ya kuvuta mizigo kwa kamba, inayofungwa kwenye injini ya msumeno uleule uliouangusha mti.

Manufaa ya kifaa hicho kwa mpasua mbao yanaweza kuonyeshwa kwa hesabu nyepesi. Lakini uzito wa gogo umekuwa pia, kwa miaka mingi na bila kutungiwa sheria yoyote, mlinzi wa miti iliyo mbali na njia. Kwa hiyo anayeuondoa uzito huo hana budi kuonyesha ulinzi gani utashika nafasi yake.

Umeme wa migodi, makala ya jikoni

Nzilo inajulikana zaidi kwa bwawa lake kuliko kwa miti yake. Bwawa hilo lilijengwa kwenye mto Lualaba mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, likapewa wakati huo jina la Delcommune, Mbelgiji aliyeongoza msafara wa uvumbuzi katika Katanga, eneo ambamo jimbo la Lualaba limo, miaka ya 1890, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 108. Chini yake, kwenye mto huohuo, kuna mitambo ya Nseke yenye megawati 248. Umeme huo ulikusudiwa tangu mwanzo kuendesha migodi na viwanda vya shaba, na hadi leo familia nyingi za Kolwezi hupikia mkaa, ambao wenyeji huuita makala.

Uhusiano wa shaba na miti katika nchi hiyo ni wa kale kuliko umeme. Kabla ya migodi ya kisasa, mafundi wa Kisanga na majirani zao waliyeyusha madini ya malakaiti, yale mawe ya kijani yenye shaba, katika matanuri ya udongo yaliyochochewa kwa mivukuto, na mkaa wa miti migumu kama mubanga ulithaminiwa kwa sababu hutoa moto mkali unaodumu. Leo shaba haiyeyushwi tena kwa mkaa, ila mji uliokua kwa ajili ya shaba na kobalti, na ambao tangu 2015 ni makao makuu ya jimbo, unahitaji mbao za kumwagia zege, milango, mapaa, vitanda, majeneza na nguzo za kushikilia kuta za mashimo ya wachimbaji wadogo. Sehemu kubwa ya mahitaji hayo hutimizwa na miombo, msitu wa miti inayoachana nafasi na kuruhusu nyasi kuota chini yake, ambamo mutondo na miti ya jamii ya *Brachystegia* ndiyo inayotawala, na mulombwa, ambao Watanzania huuita mninga, hutafutwa na mafundi seremala kuliko mingine.

Kutoka kwa msumeno wa watu wawili

Msumeno wa mnyororo una umri wa karibu karne moja. Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa umeme mwaka 1926 na wa petroli mwaka 1929, ilhali mwenzake Emil Lerp alikuwa ameujaribu wake wa petroli mwaka 1927 juu ya mlima Dolmar, ambao jina lake likawa jina la kampuni. Misumeno ya kwanza ilikuwa mizito kiasi cha kuhitaji watu wawili. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo zilipopatikana injini nyepesi zinazomwezesha mtu mmoja kuangusha mti peke yake.

Wazo la kuitumia injini hiyo kuvuta lilifuata bila kukawia, kwa kuwa mkataji wa miti tayari alikuwa amebeba mgongoni nguvu ya farasi kadhaa ambazo hukaa bure mara mti unapoanguka. Nchini Marekani winchi ya Lewis hufungwa kwenye msumeno baada ya kuondolewa upanga na mnyororo wake. Nchini Ujerumani kampuni ya Eder hutengeneza winchi za kamba zinazoendeshwa kwa injini ya aina hiyo. Na nchini Kanada kampuni ya Portable Winch iliamua kuiwekea winchi yake injini ndogo ya pekee, hivyo kumpunguzia mtumiaji usumbufu wa kufunga na kufungua. Aina hizi zote zina sifa moja inayozitofautisha na winchi za trekta, nayo ni kwamba mtu mmoja anaweza kuzibeba kwa miguu hadi mahali ambapo gari halifiki.

Jinsi inavyofanya kazi

Injini ya msumeno huzunguka kwa kasi kubwa sana na kwa nguvu ndogo ya kusokota, yaani hukimbia vizuri lakini haiwezi kusukuma kitu kizito moja kwa moja. Kazi ya winchi ni kuibadilisha kasi hiyo kuwa nguvu kwa kutumia gia. Injini ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, na ngoma ya kuzungushia kamba, yenye mzingo wa sentimita 25, ikizunguka mara 48 tu katika muda huo, kamba itatembea mita 12 kwa dakika, mwendo ambao mtu anaweza kuufuata kwa miguu bila haraka. Injini ya kilowati 3.5, hata kama nusu ya nguvu yake itapotea katika gia na misuguano, itaweza kuvuta kwa mwendo huo kwa kani inayolingana na uzito wa karibu kilo 890.

Ngoma zenyewe ni za namna mbili. Ya kwanza huihifadhi kamba ya chuma kwa kujiviringishia, na kasoro yake ni kwamba kadiri tabaka za kamba zinavyoongezeka, ngoma huwa kama imenenepa na nguvu ya kuvuta hupungua, hasa gogo linapokaribia. Namna ya pili haihifadhi kamba hata kidogo. Mwendeshaji huizungusha kamba laini ya poliesta mara tatu au nne kwenye ngoma inayozunguka, kisha hushika mkononi ncha iliyo huru na kuivuta polepole huku ikirundikana miguuni pake. Akikaza mkono, mizunguko hubana ngoma na gogo huanza kuja. Akilegeza, kamba huteleza juu ya chuma kinachoendelea kuzunguka, na gogo husimama papo hapo ingawa injini inaendelea kunguruma. Siri yake ni msuguano unaojizidisha kila mzunguko mmoja unapoongezwa: ikiwa kipimo cha msuguano kati ya kamba na ngoma ni 0.2, mizunguko minne huuzidisha mkazo wa mkono takribani mara 150, hivyo mkono unaovuta kama unaoinua kilo tano unaweza kuushikilia mzigo wa zaidi ya kilo mia saba. Kwa sababu kamba haihifadhiwi kwenye ngoma, urefu wake hauna kikomo kinachowekwa na mashine, na nguvu haipungui toka mwanzo hadi mwisho wa mvuto.

Klachi ya msumeno nayo ina manufaa yake. Klachi hiyo hushika injini inapoongezewa moto tu, kwa hiyo mwendeshaji akiachia kishikio cha petroli, winchi husimama yenyewe, kama vile mnyororo unavyosimama msumeno unapopumzika.

Hesabu ya gogo moja

Gogo la mutondo lenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita tatu lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.38, na kwa kuwa mbao mbichi za miombo huwa na uzito unaokaribia tani moja kwa kila mita ya ujazo, gogo hilo litakuwa na kilo 380 hivi. Kuliburuta ni tofauti na kuliinua: ardhi tambarare huidai kani inayokadiriwa kuwa sita ya kumi ya uzito, yaani kilo 230 kwa gogo hilo, ingawa kani hiyo huongezeka penye mwinuko na inaweza kuushinda hata uzito wenyewe pale ncha ya gogo inapokwama kwenye kisiki au kujichimbia udongoni. Ndiyo sababu waburutaji wazoefu huinua kidogo ncha ya mbele au huivisha kofia ya plastiki yenye umbo la pia, ili iteleze juu ya vizuizi badala ya kuvilima.

Gogo la mita nne lenye kipenyo cha sentimita 60 ni jambo jingine, kwa kuwa lina zaidi ya tani moja na huhitaji mvuto wa kilo 680 hivi, kiasi kinachoikaribia ncha ya uwezo wa mashine. Hapo ndipo linapoingia kapi, yaani gurudumu dogo lenye mfereji ambamo kamba hupita. Kapi likifungwa kwenye gogo, na kamba ikatoka kwenye winchi, ikalizunguka na kurudi kufungwa kwenye mti wa nanga karibu na winchi, nguvu huwa karibu maradufu na mwendo huwa nusu. Kinachopatikana kwa uzito hulipwa kwa muda. Kapi likifungwa kwenye mti ili kupindisha tu njia ya kamba, halizidishi chochote, na mti huo unaweza kubeba mzigo mkubwa kuliko kamba yenyewe, hadi mara mbili pale kamba inaporudi ilikotoka, jambo linaloudai mti wa nanga uwe mzima na mkanda wa kuufungia uwe mpana ili usichune gome.

Mbao zinazopotea penye kisiki

Faida kubwa ya kulisogeza gogo huonekana katika idadi ya mbao zinazopatikana. Mpasuaji asiyeweza kulifikisha gogo kwenye mashine nzuri hulipasua palepale kwa msumeno wa mnyororo, na mnyororo huo hula upana wa karibu sentimita moja kila unapopita. Mbao za unene wa sentimita 2.5 zikipasuliwa kwa namna hiyo, kila ubao huandamana na sentimita moja ya unga, maana yake ni kwamba zaidi ya robo ya mti huishia kuwa unga hata kabla ya kuhesabu maganda, kingo zilizopinda na mbao zilizoharibika kwa mkono kuchoka. Msumeno wa mkanda, ambao ni utepe mwembamba wa chuma wenye meno unaozungushwa na magurudumu mawili, hula milimita mbili hivi tu, lakini huo hukaa mahali pamoja na kungoja magogo yaletwe.

Tanzania imelijibu swali hilohilo kwa njia nyingine. Katika mashamba ya miti ya Nyanda za Juu Kusini, hasa kuzunguka Mafinga na Sao Hill, mashine ndogo za kupasulia mbao zinazojulikana kama ding dong huhamishwa kuyafuata magogo shambani. Njia hiyo inafaa katika shamba la misindano, ambamo miti ya umri mmoja husimama kwa safu na mashine moja hupata kazi ya wiki nyingi mahali pamoja. Miombo ya Nzilo haiko hivyo: mti mmoja unaofaa mbao unaweza kuwa mbali sana na mwenzake, na kuihamisha mashine kwa ajili ya gogo moja ni hasara tupu, hivyo ni lazima gogo ndilo lisafiri.

Udongo, vichuguu na dembo

Trekta lingeweza kufanya safari hiyo kwa haraka zaidi, ila lingeacha njia nyuma yake. Magurudumu hushindilia udongo hadi maji ya mvua yakashindwa kuzama, na katika nchi inayopata mvua kubwa kati ya Novemba na Machi, mifereji ya magurudumu hugeuka makorongo. Trekta huvunja pia miche na machipukizi, hasara kubwa katika miombo kwa kuwa msitu huo hujifufua zaidi kwa visiki na mizizi kuliko kwa mbegu. Kisiki kilichokatwa chini na kuachwa bila kuchomwa moto hutoa machipukizi mengi, ambayo machache yao huwa miti tena baada ya miongo kadhaa.

Winchi hukaa njiani na kuituma kamba peke yake ndani ya msitu. Gogo hupita kwenye mkondo mwembamba usiozidi sana upana wake, na mwendeshaji anaweza kuupinda mkondo huo kwa kapi ili kukizunguka kichuguu, kwani vichuguu vya Katanga si vijumba vidogo vya mchwa bali ni vilima ambavyo baadhi hufika mita tano na zaidi, vyenye mimea yake ya pekee. Hali kadhalika katika dembo, yaani mabonde mapana ya nyasi yanayotota maji wakati wa masika, gari lingezama mahali ambapo kamba hupita bila shida. Hata hivyo, gogo zito linaloburutwa mara nyingi juu ya mkondo mmoja hulima mfereji wa kina, kwa hiyo busara ni kuifanya kazi hiyo kiangazi, kati ya Mei na Septemba, udongo unapokuwa mkavu na mgumu.

Mashine isiyosamehe uzembe

Kiangazi nacho kina adha yake. Vumbi jekundu la Lualaba huziba kichujio cha hewa, na injini isiyopumua hupata joto kupita kiasi, hasa kwa kuwa kuvuta huifanyisha kazi mfululizo kwa dakika kadhaa, tofauti na kukata kunakoipa nafasi ya kupumua baada ya kila pande. Injini hizo hazina oili ya pekee ndani yake, bali hulainishwa na oili inayochanganywa na petroli, kwa kawaida sehemu moja kwa hamsini, yaani mililita 20 kwa kila lita. Anayebana matumizi ya oili ili aokoe fedha ya leo huiua pistoni ya kesho, na katika kijiji kisicho na duka la vipuri hasara hiyo humaanisha msimu mzima kupotea.

Hatari kwa watu ni kubwa kuliko hatari kwa mashine. Kamba ya chuma iliyovutwa hadi ukomo wake huhifadhi nguvu, na ikikatika hurudi kwa kasi inayoweza kukata mguu. Kamba ya poliesta isiyonyumbuka sana hupunguza hatari hiyo bila kuiondoa. Sehemu ya hatari kuliko zote ni ndani ya pembe inayofanywa na kamba iliyopindishwa kwa kapi, kwa kuwa kapi likifyatuka, kamba na chuma chake huruka kuelekea humo, na kwa sababu hiyo kanuni ya kwanza ya kazi ni kwamba mtu yeyote asisimame ndani ya pembe hiyo wala asilivuke gogo linalotembea. Kelele ya injini, inayofikia desibeli 100 na zaidi, huwanyima wafanyakazi uwezo wa kusikilizana, hivyo ishara za mkono zinapaswa kukubaliwa kabla injini haijawashwa, na masikio yazibwe.

Umbali kama mlinzi

Yote yaliyoelezwa hadi hapa yanaitetea winchi, na mtu angeweza kudhani kwamba kilichobaki ni fedha ya kuinunua tu. Historia ya karibuni ya mukula inaonyesha upande wa pili. Mti huo wenye kiini chekundu, ambao wataalamu huuita *Pterocarpus tinctorius*, ulipata bei kubwa katika soko la China katika muongo wa 2010, na ukakatwa kwa fujo Katanga na ng'ambo ya mpaka, Zambia, hadi nchi wanachama wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, zilipouweka kwenye orodha ya usimamizi katika mkutano wa Geneva mwaka 2019. Mkutano wa Panama wa mwaka 2022 uliongeza spishi zote za Afrika za jamii hiyo, mulombwa ukiwamo. Mukula haukuhitaji winchi ili utoweke. Bei ilipopanda, mabega ya watu yalitosha. Kwa hiyo umbali huulinda mti wa bei ndogo tu, na winchi, kwa kushusha gharama ya kusogeza, itaugusa zaidi mti huo wa bei ndogo, yaani mutondo na wenzake, ambao ndio mwili wa msitu na ndio unaolisha matanuri ya makala.

Sheria ya misitu ya Kongo, Na. 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002, pamoja na kanuni zake, inamtambua mkataji mdogo na kumtaka awe na kibali cha eneo lililowekewa kikomo cha hekta. Amri Na. 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 iliziruhusu jamii za vijijini kuomba msitu wao wa pamoja wa hadi hekta 50,000. Taabu ya vibali vya hekta ni kwamba mipaka yake huchorwa kwenye karatasi, na ofisa wa mazingira mwenye pikipiki moja hana njia rahisi ya kujua kama kisiki anachokiona kiko ndani au nje ya mstari.

Winchi yenyewe inaweza kuleta kipimo rahisi kuliko hicho. Kamba ya mita 100 ikivutwa kutoka pande mbili za barabara hufikia ukanda wa upana wa mita 200, na kila kilomita ya barabara hiyo ni hekta 20 kamili. Kibali cha hekta 50, kwa mfano, kwa hesabu hiyo ni barabara ya kilomita mbili na nusu. Kibali kinachotaja njia, urefu wake na urefu wa kamba kinaweza kukaguliwa na mtu yeyote anayetembea, awe ofisa, chifu au mama anayeokota kuni, kwa kuwa kisiki kipya kilicho zaidi ya mita 100 kutoka njiani ni ushahidi wa kosa bila kuhitaji ramani. Njia zikiachana kilomita moja, ukanda wa mita 800 katikati yake hubaki na miti mama ya kutoa mbegu, na baada ya miaka iliyokubaliwa zamu inaweza kuhamia upande wa pili.

Utaratibu huo una masharti mawili ambayo hakuna mashine inayoweza kuyatimiza. La kwanza ni kwamba msitu uwe na mwenyewe anayetambulika, kwa kuwa kijiji kisicho na haki juu ya mti hakina sababu ya kuhesabu visiki. La pili ni kwamba makala ya mjini yapate mpinzani, kwani mji unaopakana na mitambo miwili ya umeme na bado ukapikia miti utaendelea kuifuata miti hiyo hata ikiwa mbali kiasi gani. Masharti hayo yakitimizwa, winchi ya msumeno itaokoa migongo ya vijana na kuongeza mbao zinazopatikana katika kila mti unaoangushwa. Yasipotimizwa, itakuwa imeuondolea msitu wa Nzilo ulinzi wa mwisho uliokuwa haulipiwi mshahara.